Sura ya Sita: Mdomo wa Bomba la Hodhi

Kifaa cha mwisho ndicho hulaumiwa kwanza. Maji yakidondoka kwenye hodhi la kuogea usiku kucha, jicho huenda moja kwa moja kwenye ule mdomo wa bomba unaong'aa, mkono huingia mfukoni, na kesho yake mtu yuko dukani ananunua mdomo mpya. Anaufunga, anafuta jasho, na kabla ya jua kuzama tone lilelile linaanza tena. Pesa imekwenda na ugonjwa umebaki ulipokuwa, kwa sababu haukuwa kwenye mdomo tangu mwanzo.

Kwa hiyo sura hii ina neno moja la kushikilia: uliza maji kabla ya kuuliza bei. Mdomo wa hodhi ukiharibika, kuubadilisha ni kazi ya saa moja kwa mtu yeyote mwenye subira na spana. Kazi inayohitaji akili ni ile inayotangulia, ya kujua kama kweli ni mdomo ulioharibika.

Maji yanapita wapi

Katika nyumba nyingi zenye hodhi, shawa imewekwa juu ya hodhi hilohilo na vyote viwili vinalishwa na koki moja au mbili zilizo ukutani. Maji ya moto na ya baridi yakishachanganyika hapo hukuta njia mbili. Moja inashuka hadi kwenye mdomo, nyingine inapanda hadi kwenye shawa. Maji hupenda njia rahisi, na iliyo rahisi ni ya chini, kwa hiyo ukifungua koki bila kugusa kitu kingine hodhi ndilo linalojaa.

Ili maji yapande, lazima njia ya chini izibwe. Hiyo ndiyo kazi ya kile kitufe kidogo kilicho juu ya mdomo. Ukikivuta, kinanyanyua kilango kilichofichwa ndani, chenye mpira ukingoni. Kilango kinaziba tundu, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda. Uzuri wake ni kwamba msukumo wa maji yenyewe ndio unaokishikilia kilango mahali pake wakati wote unapooga. Ukifunga koki, msukumo unakwisha, kilango kinaanguka, na maji yaliyobaki kwenye bomba la juu yanashuka na kutokea mdomoni.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui na ndilo linaloamua mengine yote: mdomo hauzuii maji ya nyumba. Kuzuia ni kazi ya koki. Koki ikifungwa sawasawa, mdomo ni bomba tupu lililo wazi, na bomba tupu haliwezi kudondosha kitu.

Maswali manne ya kuyauliza maji

Swali la kwanza: je, maji yanadondoka wakati koki imefungwa? Subiri kidogo baada ya kuoga, kwa kuwa maji ya bomba la shawa huchukua dakika kadhaa kumalizika na hiyo si hitilafu. Kama baada ya nusu saa bado yanadondoka, mdomo hauna kosa. Kosa liko kwenye koki, na nitalieleza mbele. Ukitaka kujua ni koki ipi, gusa tone. Likiwa vuguvugu, ni ya moto. Na hapo ujue unapoteza maji na umeme kwa pamoja.

Usilidharau tone. Ukikadiria kwamba tone moja ni robo ya mililita, basi tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, yaani zaidi ya lita 21. Hilo ni dumu zima la lita 20 na ziada, kila siku inayopita. Kwa familia inayonunua maji ya boza, au inayosubiri zamu ya mgao, dumu hilo si kitu kidogo. Usiishie kwenye makadirio yangu: weka kikombe chini ya mdomo kwa saa moja, pima kilichoingia, zidisha kwa 24.

Swali la pili: ukivuta kitufe na kuoga kwa shawa, ni maji kiasi gani yanaendelea kutoka chini? Michirizi michache ni kawaida hata kwa mdomo mpya. Lakini weka ndoo kwa dakika moja. Ikiingia lita moja, kuoga kwa dakika kumi kunapoteza lita kumi zilizopashwa moto bure, na shawa nayo inadhoofika. Hapo kilango kimechakaa au mpira wake umekatika. Huu ndio ugonjwa halisi wa mdomo, na dawa yake ni kuubadilisha mdomo wote, kwa sababu sehemu za ndani za aina hii kwa kawaida haziuzwi peke yake.

Swali la tatu: je, ukuta unalowa? Fungua maji, kausha eneo lote la nyuma ya mdomo, kisha pitisha karatasi laini ya chooni pale mdomo unapogusa marumaru. Karatasi ikilowa, maji yanavuja kwenye kiungo na kurudi nyuma kulifuata bomba hadi ndani ya ukuta. Kati ya hitilafu zote za mdomo, hii ndiyo ya kuogopa. Tone linaloangukia hodhini linakwenda kwenye mfereji wa maji machafu na kuishia huko. Tone linaloingia ukutani linakaa. Linalainisha lipu, linaachanisha marumaru, linaotesha ukungu chumba cha pili, na kwenye ghorofa linachora duara la kahawia kwenye dari ya jirani wa chini.

Swali la nne: shika mdomo utikise. Ukicheza, ama umelegea kwenye hesi zake, ama bomba lenyewe halikufungwa imara ndani ya ukuta. La kwanza ni lako wewe. La pili ni la fundi.

Kitufe kinachoshuka chenyewe

Kuna malalamiko mengine yanayofanana na uchakavu ila si uchakavu: unavuta kitufe, shawa inaanza, mara kinaanguka. Kumbuka kwamba kilango hushikiliwa na msukumo. Nyumba nyingi za miji yetu zinatumia maji ya tangi la juu, na msukumo wa tangi unatokana na kimo tu. Mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1. Tangi lililo mita 3 juu ya mdomo linatoa kama baa 0.3, na kuna vilango ambavyo haviwezi kukaa kwa nguvu hiyo ndogo. Ukinunua mdomo mwingine wa aina ileile, utarudia hadithi ileile. Nunua ambao njia yake hubadilishwa kwa kuzungushwa na mkono na kubaki ulipoiacha, au nyanyua tangi, au weka pampu ndogo. Lakini kwanza safisha. Mchanga kutoka kwenye tangi na chokaa ya maji magumu hujikusanya kwenye kilango na kukizuia kukaa sawa.

Pwani jambo hili linajulikana sana, kwa kuwa maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe hubeba chokaa nyingi. Mimina siki nyeupe kwenye mfuko wa plastiki, uvalishe mdomo, funga kwa mpira, uache saa kadhaa. Sugua kwa mswaki wa zamani, kisha fungua maji kwa nguvu. Midomo mingi iliyokuwa ikielekea jalalani hupona hapo.

Kuufungua mdomo wa zamani

Umeuliza, maji yamejibu, na jibu ni mdomo. Sasa tayarisha mahali. Funga koki kuu ya nyumba hata kama koki za bafuni zinafunga vizuri, maana hujui bomba la zamani litakubali nini likiguswa. Kama shawa yako ni ile ya kupasha maji kwa umeme papo hapo, zima swichi yake pia. Tandika taulo nene au boksi lililofunguliwa ndani ya hodhi, kwa kuwa spana ikianguka inabandua rangi ngumu ya hodhi na kovu hilo halifutiki. Ziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie.

Chuchumaa, uangalie chini ya mdomo karibu na ukuta, ukimulika kwa tochi ya simu. Unatafuta tundu dogo lenye skrubu.

Ukiliona, mdomo wako ni wa kuchomeka. Umevalishwa juu ya bomba laini la shaba na kubanwa kwa skrubu hiyo. Aina hii imeenea sana Marekani, na ndugu zetu waliopanga nyumba huko watakutana nayo mara nyingi. Legeza skrubu kwa ule ufunguo wa pembe sita wenye umbo la herufi L, kinyume na mwendo wa saa, kisha zungusha mdomo taratibu huku ukiuvuta. Usiutie spana: shaba ni laini, ikipinda umejiongezea kazi.

Usipoona tundu, mdomo wako ni wa kuzungusha kwa hesi. Katika nyumba za Afrika Mashariki hii ndiyo aina ya kawaida. Kata silikoni ya zamani kuuzunguka kwa kisu chembamba, kisha ushike kwa mikono miwili na uzungushe kinyume na mwendo wa saa. Ukikataa, ingiza mpini wa nyundo kwenye tundu lake la kutolea maji uutumie kama wenzo. Ukiendelea kukataa, uzungushie kipande cha mpira wa baiskeli ndipo utie spana ya bomba.

Zungusha kwa nguvu inayoongezeka polepole, usishtue. Na sikiliza kwa mkono: mdomo unapaswa kuzunguka peke yake. Ukihisi bomba la ndani ya ukuta linazunguka nalo, acha papo hapo. Kila nguvu ya ziada unayoitia inakwenda kwenye kiungo usichokiona, nyuma ya marumaru.

Dukani: vipimo, si majina

Usiende dukani na neno "mdomo wa hodhi" tu. Nenda na mdomo wenyewe wa zamani na vipimo vilivyoandikwa. Pima bomba limetokeza kiasi gani kutoka kwenye uso wa marumaru. Kisha chungulia ndani ya mdomo uone hesi zake ziko wapi. Katika midomo mingine ziko mwanzoni kabisa, upande wa ukuta, na bomba linatosha kutokeza kidogo. Katika mingine zimekaa mbele, karibu na pua, na bomba linatakiwa liwe refu. Mdomo mzuri wa bei ghali usiofika kwenye hesi hautakufaa kitu. Kama urefu haulingani, hubadilishi ukuta. Unabadilisha kile kipande kifupi cha kuungia, chenye hesi pande zote mbili, na hicho huuzwa kwa urefu mbalimbali.

Pima uzito kwa mkono. Mdomo wa shaba nyeupe ni mzito na hesi zake zimekatwa kwa usafi. Ule wa plastiki iliyopakwa mng'ao ni mwepesi, na hesi zake hupasuka ukikazwa kupita kiasi. Si kila mtu ana uwezo wa kununua wa shaba, lakini kama utaununua wa plastiki, ujue mkono wako uwe mwepesi kiasi gani.

Kuna mtego mmoja unaowapata hasa wanaoletewa vifaa na jamaa walio ng'ambo. Mwaka 1841, mhandisi Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza kipimo kimoja cha hesi kwa viwanda vyote, chenye pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864, William Sellers wa Philadelphia akapendekeza kingine kwa Wamarekani, chenye pembe ya nyuzi 60. Mabomba ya pande mbili hizo yakafuata pembe hizo, na sisi tulioletewa mabomba na Waingereza tuko upande wa 55. Sasa tazama hatari ilivyojificha: bomba la nusu inchi la Kiingereza lina hesi 14 kwa kila inchi, na la nusu inchi la Kimarekani lina 14 pia. Ukiuweka mdomo wa Marekani kwenye bomba la Dar es Salaam au Mombasa, unashika, unazunguka raundi kadhaa, unaonekana umekubali. Kisha unavuja, kwa kuwa pembe na upana havilingani. Tepu haiponyi tofauti hiyo. Tafuta kiungo cha kubadilishia, au nunua mdomo wa huku.

Kuufunga mpya

Safisha hesi za bomba kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Ondoa kila uzi wa tepu ya zamani. Kama hesi zimeliwa na kutu, badilisha kipande cha kuungia sasa, ukuta ukiwa wazi, wala usijidanganye kwamba tepu nyingi zitafidia chuma kilichokwisha.

Zamani mafundi walifunga viungo kwa nyuzi za katani zilizopakwa rangi ya mafuta. Leo tunatumia tepu nyeupe, ambayo wengi huiita tredi tepu. Imetengenezwa kwa kemikali aliyoigundua Roy Plunkett huko Marekani mwaka 1938, ileile inayofanya vikaango visishike chakula. Kwa kuwa inateleza sana, inasaidia hesi ziingie kwa kina huku ikijaza nafasi ndogo zilizobaki. Izungushe kwa mwendo wa saa ukiwa umeliangalia bomba kwa mbele, ili mdomo unapokazwa uivute na kuibana badala ya kuikunjua. Acha hesi ya kwanza wazi, ivute tepu ikaze, na uzungushe mara sita hadi kumi kulingana na unene wake.

Anza kuuingiza mdomo kwa vidole tu. Ukikwama mapema, umekaa upande. Urudishe uanze tena. Ukishakaza kwa mkono, endelea taratibu hadi utazame chini sawasawa. Ukipita kidogo, usiurudishe nyuma ili kuunyoosha. Tepu ikishabanwa haivumilii kurudishwa, na hapo ndipo viungo vingi vipya huanza kuvuja siku ya kwanza. Ama uendelee raundi nzima kama unakubali bila kulazimishwa, ama uutoe wote, uweke tepu mpya, uanze upya.

Mdomo wa kuchomeka hauhitaji tepu. Kinachozuia maji ni pete ya mpira iliyo ndani. Lainisha ncha ya bomba la shaba kwa msasa mwembamba, maana kingo kali zitaikata pete hiyo unapousukuma mdomo. Ulowanishe, usukume hadi uguse ukuta, kaza skrubu mpaka mdomo utulie, na uishie hapo.

Sasa silikoni. Ipake pale mdomo unapokutana na marumaru, juu na pembeni zote mbili, lakini chini acha nafasi ndogo wazi. Wengi huziba pande zote kwa kuona ndiyo usafi. Ukifanya hivyo, siku kiungo kitakapovuja maji hayatakuwa na pa kutokea isipokuwa ndani ya ukuta, na hutajua mpaka lipu ivimbe. Nafasi ile ya chini ndiyo itakayokuonya kwa tone moja, mapema. Iache silikoni ikauke kama maelezo ya chupa yake yanavyotaka, mara nyingi saa 24, kabla ya kuoga.

Kipimo cha mwisho ni karatasi ileile. Fungua maji dakika tano hodhini, kisha dakika tano kwenye shawa, ambapo kiungo kinabeba msukumo mkubwa zaidi. Karatasi ikibaki kavu, kazi imekamilika.

Kama jibu lilikuwa koki

Koki za kuzungusha raundi nyingi huwa na wosha ya mpira mwishoni. Mpira unagandamizwa kila siku, unachoka, unapasuka. Funga koki kuu, fungua ya bafuni maji yaishe, toa kishikio, fungua nati ya shingo, na wosha utaiona. Ni kitu cha bei ndogo kabisa dukani. Kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole kwenye kikalio inapokaa. Kikiwa na mikwaruzo, wosha mpya haitadumu mpaka kikalio kisawazishwe. Koki zinazozungushwa robo tu hazina wosha ya aina hiyo. Zina visahani viwili vya kauri ndani ya kipande kimoja, na kipande hicho hubadilishwa chote. Hapo pia, nenda na cha zamani mkononi.

Pa kumwachia fundi, na daftari la nyumba

Mwite fundi bomba ukiona moja kati ya haya: bomba linazunguka ndani ya ukuta, kipande cha kuungia kimevunjikia ndani, au ukuta unalowa hata baada ya kiungo kufungwa vizuri. Ukiwa mpangaji, mwarifu mwenye nyumba kabla ya kufungua chochote, na umwarifu kwa maandishi. Fundi akija, usimwambie "bomba bovu". Mwambie ulichopima: yanadondoka kiasi gani kwa saa, koki ikiwa imefungwa au imefunguliwa, ukuta unalowa wapi. Fundi mzuri atakuheshimu kwa hilo, na atafika mahali pa ugonjwa bila kubomoa marumaru ya kutafutia.

Kisha andika. Kila nyumba iwe na daftari lenye ukurasa wa maji: koki kuu iko wapi na inafungwa kuelekea upande gani, bomba la hodhi limetokeza kiasi gani, hesi ziko mbele au nyuma, mdomo ulibadilishwa lini. Mwonyeshe kila mtu wa nyumba hiyo, pamoja na watoto wakubwa na dada wa kazi, jinsi ya kufunga koki kuu. Bomba likipasuka, huenda wewe hupo, na kiasi cha hasara kitategemea kama aliyebaki nyumbani anajua pa kuweka mkono.